Fomu Haikuuliza Habari za Ng'ombe: Malale, Ziwa na Maadili ya Utafiti nchini Uganda

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, nilipata kazi ndogo ya ukalimani katika kijiji kimoja cha mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Watafiti walikuwa wanachukua damu ya watu na damu ya ng'ombe katika boma moja, ili wajue kama vimelea vilivyomo katika mifugo vimewafikia pia wenye mifugo. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, kwa sababu pale wanaishi watu wa makabila mengi na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Fomu yenyewe ilikuwa imeandikwa vizuri. Ilieleza kiasi cha damu kitakachotolewa, maumivu ya sindano, siri ya majibu, na haki ya mtu kukataa bila kuadhibiwa.

Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umenisomea habari za damu yangu, nimeelewa. Na damu ya ng'ombe je? Akionekana ana ugonjwa mtamtibu, au mtakuja kumchukua?"

Nilipekua kurasa zote nne za fomu. Jibu halikuwamo. Nikamwambia, "Shikamoo tena mzee, ngoja niwaulize wakubwa zangu." Wakubwa nao wakaulizana wao kwa wao. Mwishowe mzee aliweka dole gumba lake kwenye karatasi, lakini aliliweka kwa shingo upande, na mimi nikarudi chuoni na swali lake.

Katika insha hii najaribu kulijibu kwa njia ya historia. Siku hizi utafiti unaochunguza binadamu, wanyama na mazingira kwa pamoja unaitwa utafiti wa Afya Moja, na huzungumzwa kana kwamba ni jambo jipya. Hapa Uganda si jipya. Ulifanyika kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati wa ugonjwa wa malale. Nitaeleza yaliyotokea, kisha nitaonyesha kwamba kanuni za maadili zilizokuja baadaye zilimlinda mtu peke yake, mnyama peke yake na mazingira peke yake. Madhara makubwa ya wakati ule yalipita katikati ya vitu hivyo vitatu, na bado yanaweza kupita hapo.

Ugonjwa uliounganisha mtu, mnyama na kichaka

Malale huletwa na vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo huenezwa na mbung'o. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa sababu ya mgonjwa kusinzia ovyo. Vimelea wa jamii hiyohiyo huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mbung'o mwenyewe hupenda vichaka vyenye kivuli, na aina iliyoleta maafa katika mwambao wa Uganda ilikaa kando ya maji, palepale wavuvi wanapofunga mitumbwi na wanawake wanapochota maji.

Ugonjwa uliikuta nchi ikiwa tayari imedhoofika. Katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na Buganda na Bunyoro zilikuwa zimepita katika vita. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale. Ndani ya miaka michache vijiji vya mwambao wa Busoga, Buganda na visiwa vilikuwa vimejaa makaburi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema waliokufa walizidi 200,000.

Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya London ilituma tume ya uchunguzi Entebbe. Mmoja wa wajumbe wake, Aldo Castellani, aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 akafika David Bruce. Huyu alikuwa amechunguza nagana ya ng'ombe huko Zululand katika miaka ya 1890, na ndiyo maana alipoonyeshwa vimelea vya watu hakuchelewa kumfikiria mbung'o. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa Zululand ndio waliomfungulia njia ya kuelewa ugonjwa wa watu wa Busoga.

Bruce alihitaji kujua mbung'o wanapatikana wapi. Alisaidiwa na Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, ambaye aliwaagiza machifu wakusanye inzi kutoka sehemu mbalimbali na kuwapeleka Entebbe pamoja na habari za mahali walikotoka. Ramani ya inzi ilipolinganishwa na ramani ya ugonjwa, zilifanana. Kisha mbung'o walilishwa kwa wagonjwa na baadaye kwa nyani, na nyani nao wakaugua. Basi ushahidi ulikamilika kwa damu ya wagonjwa, kwa miili ya nyani, na kwa mikono ya watu wa kawaida waliotumwa vichakani kukamata inzi ambaye kuumwa naye kungeweza kuwaua. Vitabu vya historia ya tiba vinamtaja Bruce, Castellani na Kagwa. Wale waliokamata inzi hatuwakuti kwa majina.

Koch katika visiwa vya Ssese

Mwaka 1906 alifika mtu maarufu kuliko wote hao. Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobeli mwaka uliotangulia, aliweka kambi katika kisiwa cha Bugala, Ssese, kwa kibali cha serikali ya Waingereza. Alikaa hapo hadi 1907 akijaribu dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna arseniki.

Wagonjwa walimjia wenyewe kwa mamia, wengine wakibebwa kwenye mitumbwi kutoka bara. Jambo hili lisifichwe: watu hawakukokotwa kwenda kwake, walikwenda kwa sababu walikuwa wanakufa na hawakuwa na tumaini jingine. Mwanzoni dawa ilionekana kusaidia, kwani vimelea vilitoweka katika damu. Baadaye vikarudi. Koch akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu na kizunguzungu, na 22 kati yao wakapofuka moja kwa moja. Ndipo akaacha kipimo hicho kikubwa.

Mapendekezo ya Koch hayakuishia kwenye sindano. Aliona kwamba mbung'o wa ziwani hunyonya damu ya mamba, kwa hiyo alishauri mamba waangamizwe. Alishauri vichaka vya ufukweni vifyekwe. Alishauri pia wenye vimelea watengwe katika kambi. Msomaji atagundua kwamba hapa mna mtu, mnyama na mazingira katika mpango mmoja. Kwa upande wa sayansi, Koch alikuwa na macho mapana. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza maswali kabla hajaanza.

Wenzangu wengine darasani waliwahi kunikosoa kwamba si haki kumpima mtu wa 1906 kwa kanuni za leo. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuna jambo moja la kuiongezea. Mnamo Desemba 1900 waziri wa Prussia, nchi ambako Koch alifanyia kazi, alikuwa ametoa agizo kwa wakuu wa kliniki kwamba majaribio yasiyo ya tiba yasifanyike kwa watoto, wala kwa mtu yeyote bila ridhaa yake baada ya kuelezwa madhara yanayoweza kutokea. Ni kweli kwamba agizo lile halikugusa matibabu, na Koch angeweza kusema kwamba alikuwa anatibu. Hata hivyo, wazo la ridhaa lilikwishajulikana Berlin miaka sita kabla ya kambi ya Bugala. Tatizo ni kwamba halikupandishwa melini kuja huku.

Amri ya kuhama

Gavana Hesketh Bell alichukua hatua iliyogusa watu wengi kuliko sindano zote za Koch. Kuanzia 1906 aliamuru watu waondolewe katika ukanda wa takriban maili mbili kutoka ukingo wa ziwa. Baadaye amri ilifika visiwani, na kufikia 1909 wakazi wa Ssese walikuwa wakihamishwa kwenda bara. Uvuvi na safari za mitumbwi zikapigwa marufuku katika maeneo hayo. Watu hawakuanza kurudi visiwani hadi karibu 1920.

Sera hii ilitokana moja kwa moja na utafiti. Ilijulikana kwamba mbung'o yupo ufukweni, basi mtu akaondolewa ufukweni. Wapo wanahistoria wanaosema iliokoa maisha, na sioni sababu ya kuwakatalia kabisa, maana vifo vilipungua. Lakini tuangalie gharama. Mvuvi wa Ssese alipoteza samaki, migomba, makaburi ya wazee wake na njia yake ya biashara kwa wakati mmoja. Vichaka vilirudi palipokuwa mashamba, na wanyama wa porini wakarudi pamoja navyo. Ardhi iliyokuwa imefugwa na jembe kwa vizazi ikawa makao mazuri zaidi kwa mbung'o yuleyule.

Kati ya 1908 na 1910 tume nyingine ya Bruce ilipiga kambi Mpumu, karibu na ziwa, ikichunguza kama ng'ombe na swala wanaweza kuvihifadhi vimelea. Jibu lilikuwa kwamba wanaweza. Hapo ndipo hofu ilipohamia kwa wanyama pia, na katika miaka iliyofuata serikali za kikoloni katika sehemu mbalimbali za Afrika ziliua wanyamapori wengi kwa jina la kupambana na mbung'o.

Tanganyika nayo ina mfano wake. Huko Tinde, karibu na Shinyanga, jaribio lilianzishwa mwaka 1934 na kuendelea kwa zaidi ya muongo mmoja. Vimelea vya malale vilivyotoka kwa binadamu vilipitishwa na mbung'o kutoka kondoo mmoja hadi mwingine, na katika swala pia. Kila baada ya muda mbung'o wenye vimelea hivyo waliachwa wawaume Waafrika walioitwa watu wa kujitolea, ili ijulikane kama bado vinaweza kumwambukiza binadamu. Viliweza. Kisayansi lilikuwa swali muhimu sana. Lakini neno "kujitolea", likitamkwa mbele ya ofisa wa serikali ya kikoloni mwaka 1934, halina uzito uleule lililo nao katika fomu niliyoisoma kijijini.

Kanuni zikaja, kila moja na mlango wake

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dunia ilishtushwa na majaribio ya madaktari wa Kinazi. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg ilitoa kanuni kumi, ya kwanza ikiwa kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni lazima. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki. Lilipofanyiwa marekebisho mjini Tokyo mwaka 1975, liliongeza kwamba mpango wa utafiti upelekwe mbele ya kamati huru. Marekebisho hayohayo yalitaka tahadhari maalumu katika utafiti unaoweza kuathiri mazingira, na kutaka wanyama wanaotumika katika utafiti watunzwe vyema. Kwa hiyo hati kuu ya maadili ya utafiti kwa binadamu iliwataja wote watatu karibu miaka 50 iliyopita. Iliwataja kwa ufupi, kisha ikaendelea na binadamu.

Maadili kuhusu wanyama yalipita njia yake. Mwaka 1959 Russell na Burch, wote Waingereza, walichapisha kitabu kilichoeleza misingi mitatu: kutumia njia mbadala pale ambapo mnyama hahitajiki, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Mazingira nayo yalipata sheria zake.

Hapa Uganda mgawanyo huo umeingia katika ofisi. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na ndilo linalosimamia kamati za maadili na kutoa kibali cha utafiti. Mamlaka ya mazingira ilitokana na sheria ya 1995, na Mamlaka ya Wanyamapori ilianza 1996. Mtafiti anayetaka kuchunguza watu, ng'ombe na mbuga hupita katika milango zaidi ya mmoja. Kamati ya kwanza itamwuliza kuhusu ridhaa na siri. Ya pili itauliza kama ng'ombe atashikwa bila kuumizwa. Ofisi nyingine itauliza anaingia hifadhini kwa njia gani. Wote wanafanya kazi yao, na mimi sina nia ya kuwalaumu.

Lakini tufanye zoezi dogo. Tuchukue mpango wa Koch tuupeleke katika milango hiyo. Kamati ya binadamu ingezuia gramu moja ya atoksili, na wale 22 pengine wangeendelea kuona. Hilo ni jambo kubwa. Kamati ya wanyama ingehoji kuhusu mamba, na ofisi ya mazingira ingehoji kuhusu vichaka. Je, nani angeuliza, "Mkigundua kwamba ufukwe ndio hatari, mvuvi atakula nini?" Swali hilo si la damu, si la mamba, wala si la kichaka. Ni la uhusiano kati yao. Na ndilo swali ambalo kutoulizwa kwake kulihamisha visiwa vizima.

Ng'ombe wa Soroti

Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale. Mnamo mwishoni mwa 1998 malale ililipuka Soroti, mahali ambapo haikuwa ikijulikana. Watu wa Teso walikuwa wamepoteza mifugo yao katika miaka ya vita na uporaji, na sasa walikuwa wakinunua ng'ombe upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba ugonjwa uliandamana na soko la ng'ombe: wanyama waliletwa kutoka maeneo yenye malale, wakauzwa mnadani bila kutibiwa, na waliokaa karibu na soko ndio waliougua zaidi.

Safari hii hatua iliyochukuliwa ilikuwa tofauti na ya Bell. Mwaka 2006 ilizinduliwa kampeni ya kukomesha malale, Chuo Kikuu cha Makerere kikiwa miongoni mwa washiriki. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo walikwenda vijijini, wakawadunga ng'ombe dawa ya kuua vimelea na kuwanyunyizia dawa ya kuua mbung'o. Binadamu alikingwa kwa kumtibu mnyama wake. Mwenye ng'ombe hakunyang'anywa kitu, bali alibaki na ng'ombe mwenye afya zaidi. Nadhani huu ni ushahidi kwamba matokeo ya utafiti wa aina hii hayalazimishi watu kuumia. Kinachoamua ni kama kuna mtu aliyefikiria mapema juu ya mwenye ng'ombe.

Maswali matatu ya kuongeza

Kutokana na historia hii napendekeza kamati inayopitia utafiti wa Afya Moja iulize maswali matatu ambayo fomu nyingi hayana nafasi nayo.

La kwanza: majibu yakionyesha kwamba hatari iko kwa mnyama au katika ardhi, nani atapata hasara, na ameelezwa hivyo? Mzee yule aliombwa ridhaa ya mkono wake, lakini ada ya shule ya wajukuu wake imo katika zizi.

La pili: nani anawasemea wasioweza kuweka dole gumba? Ng'ombe hatoi ridhaa, na kichaka hakitoi. Kamati yenye daktari wa binadamu peke yake haitoshi. Daktari wa mifugo, mtu wa mazingira na mwanakijiji anayefuga au kuvua wakae meza moja, wasome mpango mmoja, siku moja.

La tatu: utafiti ukiisha, nini kinabaki? Ssese kilibaki kichaka. Soroti walibaki na ng'ombe waliotibiwa.

Najua pingamizi litakalokuja, maana mhadhiri wangu mmoja alinieleza waziwazi: ugonjwa ukilipuka hakuna muda wa vikao, na kila swali linaloongezwa ni siku inayoongezwa huku watu wanakufa. Ni kweli. Lakini milango inayotembelewa mmoja baada ya mwingine ndiyo inayokula siku. Meza moja inaweza kuwa ya haraka kuliko ofisi tatu. Tena msingi upo tayari, kwani mwaka 2016 wizara zinazohusika na afya, mifugo na mazingira, pamoja na Mamlaka ya Wanyamapori, zilikubaliana kushirikiana chini ya jukwaa la taifa la Afya Moja. Waliokubali kupambana na magonjwa pamoja wanaweza pia kuipitia mipango ya utafiti pamoja.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna jambo letu pia. Fomu za ridhaa huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha huletwa kwetu tuzitafsiri. Kwa kawaida tunahangaika na istilahi: tuseme kimelea au kijidudu, tuseme ridhaa au idhini. Mimi nimejifunza kwamba mkalimani ndiye wa kwanza kusikia swali ambalo fomu haikulitarajia. Tukilisikia, tusilimeze kwa kuwa halimo katika karatasi. Tuliandike pembeni, kwa jina la mwenye swali kama akiruhusu, tulirudishe kwa waliotutuma.

Swali la yule mzee nililiandika nyuma ya nakala yangu ya fomu, na siku ya mwisho nikamkabidhi kiongozi wa timu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Mpaka nilipoondoka kijijini mzee alikuwa bado hajapelekewa jibu, na ng'ombe wake walikuwa bado zizini wakiwa na namba za watafiti masikioni.